Kitulo mpaka Tunduma, kufuata chikanda

Jumapili, Chimala

Nimeingia Chimala saa kumi jioni na kosta ya kutoka Mbeya. Ukishapita Uyole ni mteremko tu kuelekea Usangu, joto linapanda, mashamba ya mpunga yanaanza na kina mama wanauza mchele kwa ndoo kando ya lami. Sasa ukisimama pale stendi ukageukia kusini unaona ukuta wa mlima umesimama wima na juu mawingu yamekaa, ndo huko naenda kesho, hifadhi ya Kitulo. Kazini wamenicheka sana, eti mtu umepewa likizo unaenda kuangalia majani Makete, wenzio wanaenda Zanzibar.

Ila nina sababu yangu. Mi nimekulia Bukoba na kwetu vanila ipo, baba mdogo kaipanda chini ya migomba, imepanda juu ya mibono, na vanila ni okidi, lile kundi la mimea ya maua, hilo wengi hawajui. Kwa hiyo kwangu mimi okidi ni zao kama mazao mengine, unakata kipande cha mmea unakiweka pale kwenye shina la mbono kinashika mizizi, mwaka wa tatu hivi kinaanza kutoa maua, na kila ua linafunguka asubuhi moja tu kwa hiyo unaamka na kijiti chako unachavusha moja moja maana mchana limeshanyauka, halafu unasubiri miezi 8 au 9 ndo unavuna. Kazi ipo lakini inalimika. Halafu mwaka jana kwenye basi la Tunduma nikakaa na mama mmoja ana kiroba cha viazi vidogovidogo vimekauka, nikamuuliza mama hivi ni nini, akasema chikanda, vinapelekwa Zambia. Nikauliza vinalimwa wapi, akacheka mpaka akafuta machozi na kanga. Havilimwi baba, vinachimbwa porini. Nikaja kusoma baadae nikakuta kumbe na chikanda nayo ni okidi, tena si aina moja, ni kundi zima. Toka hapo swali halijanitoka, kwa nini ile inalimwa na hii hailimwi.

Gesti ya hapa ina feni, nimelifaidi maana najua kesho ntaomba blanketi.

Jumatatu, Kona hamsini na saba

Barabara ya kupanda Matamba inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu kona zake ni hizo 57, unazihesabu mwanzoni kwa utani halafu ukifika ishirini na kitu unaacha unashika tu bodaboda vizuri. Nimepanda na kijana mmoja mchangamfu sana ila anaongea huku kageuka nyuma, nikamwambia kaka mi nakusikia tu hata ukiangalia mbele. Chini kunabaki bonde lote la Usangu, mashamba ya mpunga yanaonekana vipande vipande vinavyong'aa maji, na hayo maji kumbe mengi yanatoka huku juu ninakoenda, mito ya Kitulo inashuka inaingia Ruaha Mkuu, ambao ndo unafika Mtera na Kidatu kwenye mabwawa ya umeme. Yaani mtu wa Dar anayewasha taa ana deni na haya majani niliyochekwa nayo.

Kila kona baridi inaongezeka. Nilianza na shati nikamaliza na sweta, koti na kitambaa cha shingo.

Matamba ni kamji kadogo, soko, makanisa, viazi mviringo kila mahali. Salamu ya huku ni kamwene, na ukiitikia kamwene watu wanafurahi kweli, bei ya chai inashuka. Ofisi ya hifadhi ipo hapahapa. Malipo ni kwa kontroli namba, hela mkononi hawachukui, na netiweki ilikuwa inakuja inaondoka kwa hiyo nimesimama nje na simu juu hewani karibu saa nzima huku mvua ya rasharasha inaninyeshea. Februari ndo mwezi wenyewe lakini, mvua zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili na maua yanafuata mvua, ukija Julai unakuta baridi kali, umande umeganda na uwanda mtupu.

Jumanne, juu uwandani

Nimeingia na askari wa hifadhi, dada mmoja mpole wa kutembea lakini ana pumzi, mi nilikuwa namfuata mdomo wazi. Kitulo uko kama mita 2600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, halafu hakuna miti, ni majani tu yanapanda na kushuka mpaka macho yanachoka. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya taifa imekuwa 2005, ukubwa kilomita za mraba 413 hivi, na ndo ya kwanza kwa Afrika ya tropiki kutengwa kwa ajili ya mimea hasa, siyo tembo siyo simba. Nimefurahi sana kusikia hivyo, nikakumbuka wale wa kazini.

Ukiwa kwenye gari huoni kitu, nasema ukweli. Unaona kijani na madoa ya rangi. Inabidi ushuke, uinamie, na ukishainamia mara moja ndo balaa linaanza maana kila hatua unaogopa kukanyaga. Kuna aina kama 350 za mimea hapa na katika hizo okidi za ardhini ni kama 45. Za ardhini, hilo nalo niliweke sawa, maana ukisema okidi mtu anawaza zile zinazokaa juu ya miti au zile za kwenye makopo mahotelini. Za huku zinaota chini kwenye majani na kwenye majimaji, hazina mti wa kushika wala haziutaki.

Dada akanifundisha kuzitofautisha kwa mgongo wa ua. Satyrium ina vimkia viwili nyuma, viwili kabisa, ukishavijua huwezi kukosea. Disa ina kitu cha kofia juu, na kofia ndo imetoa mkia mmoja. Habenaria mara nyingi ni ya kijani au nyeupe, imechanikachanika ina nyuzinyuzi, inaonekana imevaa shela. Kwenye vile vimkia ndo asali inakaa, chini kabisa, kwa hiyo mdudu mwenye ulimi mfupi haambulii kitu, na zile nyeupe zenye mkia mrefu na harufu jioni zinategemea nondo. Tuliona Disa erubescens imesimama peke yake kwenye majani, nyekundu ya kuelekea chungwa, nikapiga picha mpaka chaji ikaanza kulalamika. Bonde la Numbe ndo nimechanganyikiwa kabisa, maua ya rangi ya moto yale marefu ya Kniphofia yamejipanga kando ya maji, na kwenye tope okidi nyeupe zimesimama, dada akasema hizo ni Satyrium buchananii, kisha akaongeza bila kubadilisha sauti, hizi zinaliwa.

Nikasema ngoja, hizi hizi?

Hizi hizi. Na ile Disa robusta, na nyingine nyingi. Akachuchumaa akanichorea kwenye udongo kwa kijiti, kuchimba hawezi na hataki. Chini ya mmea kuna viazi viwili. Kimoja cha mwaka jana, kimesinyaa kwa sababu ndo kimelisha hili shina unaloliona lina maua. Kingine kipya, kigumu, kimejaa, hicho ni akiba ya mwakani. Mvua zikiisha kila kitu cha juu kinakufa, moto wa kiangazi unaweza kupita majani yote yakaungua na mmea haujali, umelala chini ndani ya hicho kiazi kipya unasubiri Novemba. Sasa mchimbaji anataka kipi? Anataka kilichojaa. Kile kilichosinyaa hakina unga. Kwa hiyo anachukua mwakani yote anakuachia mwaka jana.

Na anaujua mmea kwa ua lake, maana bila ua huwezi kuupata kwenye majani yote hayo. Yaani wakati mimi nachuchumaa napiga picha nashangaa, ni wakati huohuo na kwa alama hiyohiyo ambayo mwingine anashika jembe.

Tulirudi tumelowa. Kuna mbayuwayu wa buluu wanakuja kuzaliana huku msimu huu, tuliwaona wawili wanapita chini sana juu ya majani, na msitu wa Livingstone upande ule ndo anakaa yule nyani aliyetangazwa duniani 2005, kipunji, ila sikwenda, miguu ilishagoma.

Jumatano, kijijini

Leo sijaingia hifadhini. Nimepelekwa kwa mzee mmoja anayelima viazi na pareto, nje ya mpaka, ambaye nilisikia aliwahi kujaribu kupanda chikanda. Nimekaribishwa jikoni maana sebuleni baridi, bibi wa pale akanipa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, nikaamkia shikamoo mzee shikamoo mama, tukaanza.

Mzee anasema zamani ilikuwa kitu cha watoto wanaochunga na kitu cha mwaka wa njaa, mtu mzima huwezi kuacha shamba lako ukaenda kuchimba vile. Biashara ndo imeleta mambo. Zambia kaskazini, kwa Wabemba, ni chakula chao toka enzi na enzi, wao wakachimba za kwao zikaisha karibu, wakaanza kufuata mbali, Malawi, Kongo upande wa Katanga, Msumbiji, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kuna utafiti ulitoka 2003 ukakadiria kwamba kutoka Tanzania peke yake vinavushwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 kwa mwaka. Nilivyomsomea ile namba mzee akanyamaza kwanza halafu akauliza, na kila kimoja ni mmea mmoja? Nikamwambia ndiyo mzee. Akasema basi hao waliohesabu walikuwa na kazi.

Hifadhi kuanzishwa imesaidia pale juu, watu wanaogopa kukamatwa, lakini okidi haijui mpaka wa hifadhi na mabonde ya nje yamechimbwa sana, mzee alinionesha moja, majani yapo vizuri tu, ukipita huwezi kujua kuna kitu kimekosekana. Kina mama wanaochimba siwezi kuwanyooshea kidole, msimu wa mvua ndo akiba ya chakula inapungua na shule zimefunguliwa zinataka hela, na hii haihitaji mtaji wowote zaidi ya jembe na mgongo.

Sasa kupanda. Mzee alichukua viazi akavifukia kwenye tuta zuri, akaweka na samadi. Viliota baadhi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili vichache, wa tatu hakuna kitu. Akajaribu mbegu akaacha palepale maana mbegu yenyewe ni vumbi, ukipasua tunda likikauka linatoa vumbi maelfu kwa maelfu linaruka na upepo, utapanda vipi vumbi.

Na hapa ndo jibu la swali langu lilipo, kwa sehemu kubwa. Mbegu ya mahindi ina chakula chake ndani, mbegu ya okidi haina kitu. Ikianguka lazima ikutane na fangasi fulani kwenye udongo, fangasi anaingia ndani ya mbegu na okidi inamgeuza kuwa chakula mpaka itakapopata majani yake. Aliyeligundua hili ni Mfaransa mmoja, Noël Bernard, kuanzia 1899. Halafu 1922 Lewis Knudson kule Marekani akaonesha kwamba kwenye chupa, ukiipa sukari na madini, mbegu inaota bila fangasi, na biashara yote ya okidi za makopo duniani imejengwa hapo. Lakini hiyo ni maabara, usafi wa hali ya juu, na mche ukitoka kwenye chupa unapaswa ukazoee udongo, na hizi za ardhini za kwetu ni wasumbufu kuliko zile za mahotelini, halafu usubiri miaka kabla ya kupata kiazi cha saizi ya kidole gumba. Nani atakusubiri na bei ni ya kuuza kwa kopo? Samadi nayo inawezekana ndo ilimharibia mzee, okidi za majani kama haya zimezoea udongo usio na mbolea na hao fangasi wake hawapendi kuchanganyiwa. Vanila inakwepa yote hayo kwa sababu hatupandi mbegu, tunakata kipande tu, mmea mmoja unazunguka dunia nzima vipande vipande toka Meksiko kwao.

Na kuna kitu kingine mzee kanisaidia kukiona. Vanila ukivuna unachukua tunda, mmea unabaki unakusubiri mwakani. Hii unavuna mmea wenyewe.

Nimemwachia mzee kofia yangu ya sufi, alikuwa anaiangalia toka asubuhi.

Alhamisi, barabarani

Siku ya gari. Nimepata lifti kwenye lori la viazi kukatisha uwanda, tukapita shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa la Kitulo, ng'ombe weupe na weusi wakubwa wamesimama kwenye ukungu, tukapita Kikondo, tukateremka Isyonje tukatokea barabara ya Tukuyu, jioni Uyole. Tope lilitushika sehemu mbili. Dereva hajawahi kusikia okidi lakini chikanda anaijua, anasema kuna kipindi magari yakishusha viazi ulaya yanapakia viazi vile vingine. Ni hayo tu ya leo, mgongo unauma.

Ijumaa, Tunduma na ng'ambo

Mbeya mpaka Tunduma ni kama kilomita 100 lakini ukikutana na foleni ya malori ya kwenda Kongo na Lusaka unaweza kuzeekea Mpemba. Tunduma haina usingizi, wabadilisha hela, mikokoteni, muziki wa pande mbili unapigana hewani. Nimevuka kwa miguu na kitambulisho kwenda soko la Nakonde.

Chikanda inauzwa kwa kina mama wanaouza karanga, viwavi vikavu na dagaa. Kuna iliyokauka nzima, kuna iliyosagwa unga wa rangi ya kijivu kahawia. Nikamsalimia mmoja mulishani bamayo, akacheka Kibemba changu akanijibu kwa Kiswahili safi cha Tunduma, karibu mwanangu. Nikamuuliza zinatoka wapi, akasema kwenu. Anazijua kwa aina, kuna za kuvutika na kuna za kuganda vibaya, na mpishi mzuri anachanganya. Majina ya kitaalamu hana shida nayo, anabonyeza kwa kidole tu.

Kupika alinionesha mdogo wake, jiko la mkaa nyuma ya kibanda. Maji yanachemka na chumvi na pilipili ya unga, karanga zilizotwangwa zinaingia nyingi, kama nusu ya chungu ni karanga, halafu unga wa chikanda unamiminwa huku unakoroga kwa nguvu, na soda ya unga kidogo, zamani walikuwa wanatumia maji ya majivu. Hiyo soda ndo uchawi, ukiiweka tu unaona uji unashikana ghafla unavutika unaanza kugoma mwiko. Inafunikwa, makaa yanawekwa juu ya mfuniko na chini, inaiva, inaachwa ipoe kabisa ndo inakatwa vipande. Kinachoshika ni utomvu wa kile kiazi, na siyo Waafrika tu walioligundua hilo, Waturuki wanasaga viazi vya okidi zao wanapika salep, kinywaji cha moto, na aiskrimu inayovutika, mpaka serikali yao ikapiga marufuku unga wa salep halisi kutoka nje ya nchi kwa sababu okidi zilikuwa zinaisha.

Ladha? Nilitaka isiwe tamu, ingenirahisishia. Ni tamu. Karanga mbele, pilipili nyuma, na katikati kuna ladha ya udongo baada ya mvua, inatafunika kama soseji, na ndo maana wengine wanaiita poloni ya Kiafrika. Nimekula vipande viwili na wa pili sikumaliza, siyo kwa ladha.

Nikamuuliza yule mama kama anajua kwamba ni za kupigwa marufuku. Akasema vibali vinajulikana, na wenye navyo ni wachache. Kweli sheria ipo, okidi zote duniani ziko kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuvusha mpaka kunahitaji kibali, na Tanzania na Zambia zote zimesaini. Lakini kiroba cha viazi vikavu kwenye buti la basi katikati ya viroba vya maharage, nani atakifungua, na akikifungua atajuaje hiki ni kiazi cha nini. Ua lilibaki Makete.

Nikauliza la mwisho, mama, mtu akilima chikanda akakuletea hapa utanunua? Akafikiri vizuri, siyo kama yule wa kwenye basi. Akasema ntanunua kama inavutika. Na bei iwe hiihii, aliongeza, mteja wangu hataki hadithi, anataka kipande. Mdogo wake akaingilia, aletwe na huyo mkulima tumuone, maana toka azaliwe hajawahi kusikia.

Jumamosi, Mbeya

Nimelala mpaka saa nne. Nimempigia baba mdogo Bukoba kumwambia ya mzee wa Matamba, akauliza kama vile viazi vinaweza kupandwa chini ya migomba, nikamwambia baba huko ni baridi na jua kali hakuna kivuli, akasema basi nimtumie picha tu.

Kwa anayetaka kwenda, nenda mwisho wa Januari au Februari, buti za mpira siyo raba, nguo za baridi mbili zaidi ya unavyofikiri, na kontroli namba ilipie ukiwa Chimala kama unaweza maana juu netiweki ni ya kubahatisha. Omba askari anayeyajua maua, wapo, ukienda na anayejua barabara tu utarudi umeona kijani. Bodaboda ya Hamsini na Saba patana bei kabla ya kona ya kwanza.

Na ukiwa na jamaa yako anafanya kazi kwenye maabara ya kuotesha migomba kwa chupa, iwe Uyole au Arusha au popote, muulize kama amewahi kujaribu Disa robusta. Namba ya mzee ninayo na ana tuta liko wazi.